Lita Zilizo Chini ya E

Tarehe 14 Mei mwaka wa 1996, siku ya Jumanne, kabla ya saa tano asubuhi, Baba Akinyi alikufa kwenye kilima cha miti ya bulugamu akiendesha trekta yangu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kazi yote ninayoijua, yeye ndiye aliyenifundisha.

Ninaanza hapo kwa sababu ya swali lenu. Mnanikuta hapa Sigor nimekaa kwenye benchi la duka, mnasimamisha trekta zenu za kulimia watu mahindi, na lazima mmoja wenu aniulize: "Mzee Koske, mshale wa mafuta ukigusa E, bado iko lita ngapi?" Mimi husema, "Jaza tanki," halafu nanyamaza, nanyi mnaondoka mkisema mzee ana roho ngumu. Leo nitajibu. Nilifika darasa la saba tu, na mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu, lakini niliendesha trekta ya kubeba majani chai miaka ishirini na sita, na swali hili nalijua kuliko ninavyotaka.

Kwanza, trekta haina akiba. Pikipiki zenu zina ile swichi ndogo ya kugeuza mafuta yakikaribia kuisha, mkajua sasa mmeingia kwenye akiba. Akiba ni kitu ambacho mtu alikiweka kando kwa makusudi. Chini ya E hakuna mtu aliyeweka kitu. Ndani ya tanki kuna floti, kama yai la bati, imeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakishuka, nayo inashuka, mpaka ule mkono unagota. Ukigota, mshale umefika E. Yanayobaki ni mafuta ambayo floti haiwezi kuyafuata. Trekta moja itakuwa na lita tisa, ya pili tatu, kwa sababu ule mkono ulipinda siku fundi alipoirudisha floti kwa haraka akitaka kwenda kula.

Yangu ilikuwa na tisa. Najua kwa sababu Baba Akinyi na mimi tulisubiri mshale uguse, tukasimamisha trekta mbele ya karakana mahali palipo sawa, tukamwaga yote kwenye ndoo. Yeye alipima kwa chupa ya lita moja, mimi nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa nasari. Mwishoni kabisa yalitoka maji kidogo, na tope jeusi, na mdudu mmoja. Akaniambia, "Huyo mdudu ndiye abiria wako. Ukizoea kuendesha na mshale uko chini, huyu ndiye ataingia kwa filta." Hilo mlishike. Mafuta ya chini ndiyo machafu kuliko yote, na trekta inayokaa na tanki nusu usiku kucha inatoa jasho ndani, na lile jasho ni maji. Jazeni jioni, sio asubuhi.

Alikuwa Mjaluo wa ng'ambo ya Sondu. Jina lake lilikuwa Onyango, lakini shamba zima lilimwita Baba Akinyi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mrefu hata magoti yake yalitokeza pande zote mbili za usukani. Alikuwa na chupa tupu ya jem aliyotembea nayo mfukoni. Kila tulipopewa mafuta alichukua kidogo kwenye chupa ile, akaiinua kwenye jua, akatazama kama daktari. Maji yakikaa chini ya dizeli, aliyarudisha kwa karani wa mafuta, akamwambia kwa upole sana, "Ndugu yangu, hii chai bado haina majani."

Aliniambia geji ni kama karani wa ofisini: anasoma karatasi, kilima hajakiona. Kwenye trekta zetu bomba la kupeleka mafuta kwenye injini lilitoka upande wa mbele wa tanki. Ukipanda, mafuta yanarudi nyuma. Kwenye kilima cha bulugamu, ambacho ndicho kikali kuliko vyote kati ya vituo vya kupimia majani na kiwanda, kati ya zile lita tisa zangu, tano zilikuwa zinarudi nyuma kukaa kama wazee kanisani, hazitoki hata ukiziombea. Nne tu ndizo zilikuwa za kazi. Kama huna trela, kuna njia: geuza trekta, panda kilima kinyumenyume. Pua ikitazama chini, mafuta yanakuja mbele yenyewe. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili, watu wakidhani nimelewa. Ukiwa na trela iliyojaa huwezi.

Sasa niwaambie nilivyokuwa mjinga, mcheke kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa upande wa Chepilat kuleta kuni za kiwanda. Ilikuwa siku ya soko. Mshale ulikuwa umelala kwenye E tangu asubuhi, nikajiambia, trekta hii naijua. Ikazima katikati ya soko, kati ya mama wa ndizi na watu wa ng'ombe. Nikakimbia na mtungi, nikapata dizeli kwa mwenye posho mill ya kusaga mahindi, nikamimina, nikapiga stata. Kimya. Nikapiga tena mpaka betri ikachoka. Watu wakanizunguka. Mmoja akasema nipige tairi teke. Mama mmoja wa Kikisii akaniletea maziwa kwenye kikombe, akaniambia ninywe nipate nguvu, kwa sababu uso wangu ulikuwa umeisha. Mzee mmoja alisema afadhali ng'ombe, ukiinua mkia anasimama.

Saa mbili zikapita. Nikaona Baba Akinyi anakuja na trekta yake, polepole, ameinua mkono kama anawasalimia wapiga kura.

"Koske! Hii ni trekta ama ni ng'ombe imekataa kukamuliwa?"

"Mafuta iliisha, Baba Akinyi. Lakini nimeongeza."

"Umeongeza mafuta. Hewa umetoa?"

"Hewa gani?"

Soko zima likacheka. Akawageukia. "Msimcheke, omera, ndugu zangu. Huyu ni mtu wa kanisa. Anaendesha kwa imani."

Halafu akashuka akanionyesha, na mimi nawaonyesha nyinyi. Injini ya dizeli ikimaliza mafuta inavuta hewa, na hewa ikiingia kwenye mabomba, hata ukijaza tanki mpaka limwagike haiwaki. Legeza skrubu iliyo juu ya filta. Pampu kwa mkono, kuna kijiti kidogo kando ya injini. Litatoka povu. Endelea mpaka litoke safi bila povu, kaza. Nenda kwenye pampu kubwa, fanya vivyo hivyo. Kama bado, legeza mabomba ya kwenda kwenye nozeli, mtu apige stata, mafuta yakiruka kaza moja moja. Na kama pampu ya mkono imechoka, fungua kifuniko cha tanki, zungushia kitambaa, weka mdomo, puliza. Siku hiyo mimi ndiye niliyepuliza. Nilimeza dizeli ya kutosha kunifikisha kiwandani kwa miguu.

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma na kuni zangu, na hakusema neno kwa nyapara. Alisema tu kwamba kulikuwa na foleni.

Huyo ndiye mtu.

Sasa jambo ambalo sijawahi kuliandika. Pale shambani jioni karani wa mafuta alipita na daftari, akasoma geji za trekta zote. Iliyolala kwenye E alijua asubuhi aijaze. Alichokiona ni mshale. Kilicho chini ya mshale hakikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Kwa hiyo sisi madereva tulikuwa na msemo: chini ya E ni ya dereva. Kukiwa na haja nyumbani, unafungua koki ya chini ya tanki, unachota lita mbili, tatu. Ya kuwashia kuni mbichi wakati wa mvua. Ya kumpaka ng'ombe aliyejaa kupe. Ya kuchanganya na mafuta ya taa. Hatukuita wizi, na Jumapili tulikaa kanisani kama watu wengine. Leo mimi naita wizi.

Lakini ulikuwa na sheria yake, na sheria hiyo aliiweka Baba Akinyi baada ya dereva mmoja kukwama. Ukichota, unafunga kipande cha kamba ya gunia kwenye usukani. Mwenzako akipanda trekta hiyo akakuta kamba, anajua chini ya E hamna kitu, asiondoke mpaka ajaze. Akikuta usukani mtupu, anajua kilichoko kiko. Yeye mwenyewe alichota kama sisi, na alifunga kamba kama alivyotufundisha. Kwa miaka mitano sijasikia mtu aliyesahau.

Jumatatu ya tarehe 13 Mei nilichota lita tano.

Nyumba ya mama yangu hapa Sigor ilikuwa inaliwa na mchwa. Nilikuwa nimekata nguzo mpya, na nilitarajia likizo mwisho wa mwezi, nikasema nitazipaka dizeli kabla ya kuzisimamisha. Betri ya trekta yangu ilikuwa imekufa wiki hiyo, kwa hivyo nilikuwa naiegesha kwenye mteremko ulio kando ya karakana, pua chini, ili asubuhi niachilie breki iteremke na kujiwasha. Mshale ulikuwa E. Nilijaza jerikeni langu, nikafunga koki. Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Nilitazama chini nione kamba, sikuiona. Nikasema, kesho ni mimi mwenyewe nitakayeiendesha. Nikakimbia nyumbani.

Jioni hiyo hiyo nyapara akaja mlangoni kuniambia leseni yangu mpya imetoka, niende Bomet kesho kuichukua. Niliondoka na gari la kwanza. Nilikumbuka kamba nikiwa kwenye foleni ya ofisi, watu sita mbele yangu. Nikajiambia hakuna atakayeigusa trekta isiyo na betri. Nikabaki kwenye foleni.

Yaliyotokea niliambiwa na Rono. Rono alikuwa mpakiaji wetu, mtu mzima mwenye watoto sita, asiyeongeza chumvi kwenye maneno. Kwa sababu ya mvua, majani ya jana yalikuwa yamelala kwenye kituo cha kupimia na yalikuwa yameanza kupata moto ndani ya magunia. Mnajua majani yakipata moto yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Trekta ya Baba Akinyi ilikuwa na pancha. Karani wa mafuta, mwenye ufunguo wa pampu, hakuwa amefika. Nyapara alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeingiwa na siafu. Baba Akinyi akaenda kwenye trekta yangu.

Rono akapanda nyuma, akachungulia. "Mshale iko E."

Baba Akinyi akaupitisha mkono juu ya usukani, akauzungusha wote. "Iko E lakini hakuna kamba."

"Pima na kijiti, mzee."

"Hapa ni mteremko, kijiti itadanganya. Hii ni ya Koske. Koske akichota hufunga. Twende."

Maneno hayo Rono alinirudia mara nyingi, kwa sababu alidhani yananifariji.

Waliachilia breki, ikawaka. Walifika kituoni, wakapakia magunia mpaka juu, wakarudi. Safari yote ile haili zaidi ya lita mbili. Alihesabu sawa. Kwa tisa angepanda, na angebaki na za kuzunguka mara nyingine. Lakini ndani kulikuwa na nne, na kabla ya kufika kilimani zilikuwa zimepungua, na pale katikati ya kilima zote zilirudi nyuma ya tanki. Injini ilikohoa mara mbili. Rono anasema Baba Akinyi alisema "Aa-aa," kama mtu anayemkataza mtoto kugusa sufuria. Akakanyaga breki. Breki zilishika, lakini barabara ilikuwa tope, na trela iliyojaa ikaanza kuivuta trekta kurudi nyuma. Rono akaruka kwenye majani chai. Trela ikaenda mtaroni, ikaibetua trekta. Trekta za siku zile hazikuwa na chuma cha kumkinga dereva.

Alikufa mafuta yakiwa ndani ya tanki, na hakuna hata tone lililofika kwenye injini.

Mimi nilishuka kwenye steji saa saba na leseni yangu mpya mfukoni. Nilijua kutokana na jinsi watu walivyosimama.

Pale kilimani meneja msaidizi alikuwa na karatasi kwenye ubao. Alikuwa kijana mwenye haraka, si mtu mbaya. Alimwuliza Rono, "Alitoka na geji iko E?"

"Ndiyo, bwana, lakini..."

"Na sheria ya kampuni inasemaje?"

"Hakuna kutoka na E. Lakini bwana, kama tanki ilikuwa tupu, hii dizeli iko kwa nyasi imetoka wapi?"

Kweli, nyasi zilikuwa zinang'aa, na harufu yake ilikuwa pale. Meneja msaidizi alitazama, akatazama saa yake, akaandika. Neno aliloandika ni uzembe. Kwa ajili ya neno hilo moja Mama Akinyi hakupewa fidia, na mwisho wa mwezi akaondolewa kwenye nyumba ya kampuni. Na kwa ajili ya neno hilo mtu mwangalifu kuliko sote akawa ndiye mzembe.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Hakuna aliyeniuliza kama nilichota. Wote walijua Koske akichota hufunga.

Tulimpeleka kwao. Niliombwa niseme machache, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake. Nilisema habari za Chepilat, za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na za kuendesha kwa imani, na watu wakacheka, hata Mama Akinyi akatabasamu huku machozi yanamtoka. Nikakaa chini. Jerikeni lilikuwa chini ya kitanda changu. Mngetaka kusikia kwamba niliimwaga dizeli ile. Sikuimwaga. Nilikwenda likizo nayo, nikazipaka nguzo za mama, nikazisimamisha. Mchwa hawakuzigusa.

Baada ya hapo ofisi iliamua kila dereva mpya afundishwe kuhusu mafuta, na mfundishaji niwe mimi, kwa kuwa nilijua mambo ya Baba Akinyi. Tulikaa karakana, meneja msaidizi akafungua mafunzo. Kila mara alianza vile vile: "Kulikuwa na dereva hapa anaitwa Onyango. Alipuuza geji. Msiwe kama Onyango." Halafu alinipa nafasi, nami nilionyesha kijiti, skrubu za kutolea hewa, chupa ya jem, kila kitu nilichofundishwa na mtu aliyetoka kutukanwa. Vijana wale waliandika. Miaka mitatu nilifanya hivyo, na kila mara nilingoja amalize sentensi yake ndipo nisimame.

Msidhani sikujaribu kabisa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule nilikwenda ofisini, nikavua kofia, nikamwambia meneja msaidizi nilichota lita tano na sikufunga kamba. Akauliza kamba gani. Nikamweleza yote. Aliweka kalamu chini.

"Koske, unaniambia nyinyi madereva wote mnaiba mafuta?"

"Naongea habari yangu, bwana."

"Hapana. Nikiandika hii, watu kumi na wawili wanaenda nyumbani kesho. Unataka?"

Nikasema sitaki.

"Na Onyango atafufuka?"

Nikasema hapana.

"Basi rudi kazini."

Nilirudi. Kwa miaka mingi nilijiambia nilinyamaza kwa ajili ya wale kumi na wawili. Ukweli ni kwamba nilipotoka kwenye mlango ule miguu ilikuwa myepesi. Niliogopa kwa ajili yangu, nikafurahi kuzuiwa.

Kwa hivyo, vijana, jibu la swali lenu ni hili. Chini ya E kuna kile ambacho mtu wa mwisho alikiacha, ukitoa kile ambacho kilima kitakunyima. La kwanza hulijui, kwa sababu lazima umwamini mtu. La pili hulijui, kwa sababu hakuna geji ya kilima. Mtu akikwambia lita kumi, anakwambia za trekta nyingine, iliyosimama mahali pengine, siku nyingine. Jaza tanki.

Mwaka wa 1999, mwezi wa Agosti, Akinyi mwenyewe alikuja shambani. Alikuwa msichana mrefu kama baba yake, amemaliza kidato cha nne, anatafuta kazi ya karani wa kupima majani. Nilikuwa nangoja nje ya dirisha la ofisi kusainiwa karatasi, nikasikia yote. Meneja msaidizi alisoma jina lake, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyekumbuka kichekesho.

"Wewe ni wa Onyango? Baba yako hakujua kusoma geji. Wewe utajua kusoma mizani?"

Akinyi akasema, "Baba alijua, bwana." Sauti ndogo, ya heshima.

Hakupata kazi. Alinipita pale nje, akanisalimu vizuri, akaniambia mama yake ananisalimia, anauliza kwa nini sijafika nyumbani tangu matanga. Nikasema nitafika.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari mpaka Sondu, na lingine mpaka kwao, na nikatembea sehemu iliyobaki. Mama Akinyi alikuwa amezeeka kuliko ile miaka mitatu iliyopita. Aliponiona alipiga makofi.

"Koske! Mwanafunzi wa mzee! Leo umekumbuka njia. Ingia, ingia, usisimame kwa mlango kama mtu wa kodi."

Aliniuliza habari za kila mtu. Rono yuko? Anao watoto wangapi sasa, ama ameacha? Aliniwekea kiti chenye kitambaa, akaingia jikoni, akarudi na ugali na samaki mzima kwenye sahani, na maji ya kunawa. Akasema nile, nimekonda, Wakipsigis hawajui kupika samaki ndio maana tunakonda.

Sikunawa. Nilimwambia, "Mama Akinyi, kuna kitu nimekuja kusema." Nikasema yote, nguzo, mvua, kamba, foleni ya Bomet. Sikupunguza na sikuongeza. Alisikiliza akiwa bado ameshika jagi.

"Lita ngapi?" akauliza.

"Tano."

"Na mama yako yuko?"

"Yuko."

"Nyumba imesimama?"

"Imesimama."

Nje kulikuwa na watu wanatoka kanisani, tulisikia wakipita.

"Zingekuwa ndani, hizo tano. Angefika juu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Ningeweza kusema labda. Ningeweza kusema barabara ilikuwa tope, trela ilikuwa nzito, na yote yangekuwa kweli.

"Angefika," nikasema.

Aliweka jagi chini. "Basi mwambie mwenyewe. Yuko pale nje."

Nilitoka. Kaburi liko upande wa kulia wa nyumba, limepigwa saruji, jina limeandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno tangu Sondu, lakini hayakuja. Nilisema tu, "Baba Akinyi," mara mbili. Sijui nilisimama dakika ngapi.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa, na kuku walikuwa wanakula ugali wangu uani.